Dawati Moja Kwanza, Hamsini na Tisa Baadaye

Mwanafunzi mpendwa, ukipita Keko, Temeke, utaona vitanda, makabati na sofa zimepangwa kando ya barabara. Huenda ukadhani kazi ya kutengeneza vitu ni msumeno, randa na nguvu za mikono tu. La hasha. Kabla ya msumeno kuna kazi nyingine isiyoonekana, nayo ni kuongoza watu wanaobuni na wanaotengeneza. Viwandani kazi hiyo hufanywa na mhandisi msimamizi wa mradi.

Tuchukue mfano. Madrasa imeagiza madawati 60. Mchomeleaji atatengeneza fremu za skwea paipu, seremala atatengeneza mbao za juu, na mpaka rangi atafuata. Je, msimamizi afanye nini?

Kwanza, ajue haja ya mtumiaji. Watakaa watoto wa miaka 7 au vijana wa miaka 15? Akikosea hapa, ufundi mzuri wote utakaofuata hauna faida.

Pili, mchoro uwe mmoja. Mchomeleaji akitoboa matundu ya skrubu kwa kipimo chake na seremala kwa chake, kila mmoja atakuwa hodari peke yake, lakini mbao hazitakaa kwenye fremu. Kipimo kikibadilishwa, wote waambiwe siku hiyo hiyo, na mchoro wa zamani uondolewe kabisa.

Tatu, litengenezwe dawati moja la majaribio. Watoto walikalie, kasoro zionekane. Kosa kwenye karatasi hufutwa kwa ufutio. Kosa kwenye sampuli hugharimu dawati moja. Kosa likigunduliwa mwishoni, hugharimu yote 60.

Nne, muda upangwe. Tuseme kuchomelea ni siku 6, rangi siku 3, useremala siku 5, na kuunganisha siku 2. Ukijumlisha unapata 16. Lakini seremala anaweza kufanya kazi wakati fremu zinachomelewa, hivyo kazi yote ni 6 + 3 + 2, yaani siku 11. Seremala akichelewa siku 4 hakuna hasara. Mchomeleaji akikatikiwa umeme siku moja tu, kazi nzima imechelewa siku moja. Basi msimamizi mwenye akili humwangalia nani zaidi?

Tano, mashauriano. Surat Ash-Shura, aya ya 38, inawasifu wanaoendesha mambo yao kwa kushauriana. Kijana anayejifunza kazi akiona ufa kwenye kiungo, aweze kusema bila kuogopa kukaripiwa. Mtoto atakayekalia dawati hilo ni amana mikononi mwao.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo kubwa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Wahandisi walijitahidi, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa wananchi. Yaliweza kwenda kasi ya kilomita 120 kwa saa. Hata hivyo magari ya majaribio yaliyotengenezwa yalikuwa matano tu. Fedha za kuyazalisha kwa wingi zilikosekana, na gari halikufika sokoni.

Je, wahandisi wale walishindwa? Hapana, gari lilitembea. Lakini kutengeneza kitu kimoja kizuri ni jambo moja, na kutengeneza elfu vinavyofanana, kwa bei ambayo mnunuzi anaimudu, ni jambo jingine. Mitambo, mtaji, wauzaji wa vipuri na soko huhesabiwa tangu siku ya mchoro wa kwanza.

Kwa hiyo wewe unayependa ufundi, usiidharau hisabati, wala uchoraji, wala adabu ya kusikiliza wenzako. Nanyi wazazi, mtoto akifungua redio mbovu ili aone ndani, msimpige. Mpeni daftari, aichore kwanza.