Jinsi Kanuni ya Thuluthi Moja Ilivyonyong'onyea

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ni kifupi mno kwa uzito wa kazi kilichopewa. Kinaagiza kwamba katika taasisi yoyote ya umma nchini Kenya, watu wa kabila moja wasizidi thuluthi moja ya wafanyakazi wote. Sheria hiyo ilipitishwa nchi ikiwa ingali matangani. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na mamia ya maelfu ya watu walikuwa wamefukuzwa makwao. Waliokaa mezani kutafuta amani walikiri kwamba chuki ile haikuzaliwa na kura peke yake. Ililelewa kwa miongo kadhaa na mashamba, barabara na kazi za serikali, vitu ambavyo wananchi walizoea kuviona vikihama kila rais mpya alipoapishwa.

Katiba ya Agosti 2010 ikaongeza uzito. Ibara ya 232 inataka uteuzi na upandishaji vyeo katika utumishi wa umma ufuate sifa na ushindani wa haki, kisha inauwekea msingi huo sharti: jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe, na watu wa makabila yote, wanawake kwa wanaume, pamoja na watu wenye ulemavu, wapate nafasi ya kutosha na iliyo sawa. Wanaolalamika kwamba kusawazisha makabila kunashusha viwango waisome ibara hiyo hadi mwisho. Ofisi iliyojaa watu wa nyumba moja mara nyingi haikuwahi kushindanisha sifa za mtu yeyote. Tangazo la kazi lilitoka wakati barua ya ajira imekwisha kuandikwa.

Hakuna bunge lililofuta lolote kati ya hayo. Sheria iko, ibara iko, tume ya kuisimamia sheria hiyo iko, na ndiyo sababu kudorora kwa azma ile si rahisi kukuona. Kumetokea ndani ya utekelezaji, mwaka baada ya mwaka, hadi agizo likageuka kuwa safu moja katika jedwali la ripoti.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa hesabu yake ya kwanza ya watumishi wa serikali, mwaka 2011, ilionyesha kwamba makabila matano, yaani Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakamba na Waluo, yalishikilia karibu asilimia 70 ya kazi zote. Wakikuyu walikuwa asilimia 22.3, ilhali sensa ya 2009 iliwaweka kwenye asilimia 17 hivi ya Wakenya. Wakalenjin walikuwa asilimia 16.7, na katika sensa walikuwa kama 13. Makabila zaidi ya ishirini hayakufikisha hata asilimia moja ya ajira kila moja.

Hapo ndipo udhaifu wa kanuni yenyewe unapojitokeza. Hakuna kabila la Kenya linalokaribia thuluthi moja ya wananchi. Kwa hiyo kikomo cha thuluthi kinaliruhusu kabila kubwa kuliko yote kuchukua karibu maradufu ya fungu lake, na bado taasisi itasema imetii sheria. Zaidi ya hapo, makabila matatu yanaweza kugawana ofisi nzima, kila moja thuluthi yake, pasipo kifungu hicho kuvunjwa. Mpokomo wa Tana River, Mtaveta, Elmolo wa Ziwa Turkana na Aweer wa Lamu hawalindwi hata kidogo na kanuni inayomzuia mkubwa tu bila kumwekea mdogo kiwango chake cha chini. Ibara ya 56 ya katiba inaitaka serikali iwe na mipango ya kuwapa watu wa jamii ndogo na zilizotengwa nafasi maalumu za ajira, lakini ibara hiyo haisikiki sana pale mkurugenzi anapotetea orodha yake.

Kisha ukaja ugatuzi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa kabila kubwa la kaunti. Tume ilipohesabu mwaka 2016, kaunti 15 tu kati ya 47 ndizo zilizokuwa zimetimiza. Sitaki kuwahukumu magavana wote kwa neno moja. Huko Turkana au Garissa, watu waliokaa tangu uhuru bila kuona mtoto wao katika ofisi za Nairobi walipoona ofisi zimefika mlangoni, walisema zamu yao imewadia, na kilio hicho kina haki ndani yake. Mandera pana jambo jingine pia. Baada ya shambulio la basi la Novemba 2014 lililoua watu 28, wengi wa walimu waliotoka sehemu nyingine walikataa kurudi, na huwezi kumlaumu mwalimu kwa kuogopa kifo. Lakini maelezo haya hayazifai kaunti tulivu zenye miji mikubwa iliyochanganyika, ambako bodi za utumishi wa umma ziliajiri jamaa za waliozunguka na gavana kwenye kampeni.

Haya hayakubaki kufanywa kwa siri. Septemba 2016, Gavana Jackson Mandago wa Uasin Gishu alikuwa mstari wa mbele katika maandamano ya Eldoret ya kupinga Profesa Laban Ayiro kuwa kaimu naibu chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Lililodaiwa ni kwamba kiti hicho ni cha mtu wa pale. Chuo kinachoendeshwa kwa kodi ya Wakenya wote kikachukuliwa kuwa mali ya wenyeji. Mwaka 2023 Naibu Rais Rigathi Gachagua akaifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, ambamo waliowekeza kura ndio wanaotangulia kupata. Alipoondolewa madarakani Oktoba 2024, matamshi hayo yalikuwamo kwenye mashtaka. Ilikuwa sawa kumshtaki kwa hayo, ila desturi aliyoieleza ni ya zamani kuliko yeye.

Mwaka huo huo wa 2023, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya iliajiri wasaidizi 1,406. Nafasi 785, zaidi ya nusu, zilikwenda kwa Wakikuyu na Wakalenjin. Shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo ikaona kwamba katiba ilikiukwa. Tazama hesabu yake: makabila hayo mawili yakigawana 785 sawasawa, kila moja linapata asilimia 28 hivi ya nafasi zote, chini kabisa ya thuluthi.

Sababu kubwa ya kudorora huku, nionavyo mimi, ni kwamba wajibu huu haujafungwa kwenye jina la mtu. Kifungu cha 7 kinaamuru bila kutaja adhabu. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandika katika ripoti zake, kaunti baada ya kaunti, shirika baada ya shirika, kwamba kanuni ya ajira imekiukwa. Kamati ya bunge humwita mhusika, yeye husema wafanyakazi wengi alirithi kutoka mabaraza ya zamani, kisha hoja husongezwa hadi mwaka unaofuata. Yeyote aliyetia saini barua za ajira za mwaka uliopita angetakiwa kueleza barua hizo hasa, wala si za mtangulizi wake, na kutozwa kwa mshahara wake pale anaposhindwa. Orodha ya makabila ya walioomba na walioajiriwa ichapishwe kila uajiri unapokamilika. Usaili ufanyike Lodwar, Wajir na Hola, kwa sababu nauli ya kwenda Nairobi na kurudi huwachuja wengi kabla hawajaulizwa swali la kwanza.

Kuchelewa kuna gharama inayohesabika. Kijana aliyeajiriwa na kaunti mwaka 2013 akiwa na miaka 25 atastaafu mwaka 2048, atakapotimiza miaka 60. Kazi yake ni halali yake na hakuna anayepaswa kumnyang'anya. Kwa hiyo kilichoharibika katika uajiri wa miaka ile ya mwanzo kitarekebishwa kwa nafasi mpya pekee, nazo ni chache kila mwaka, na hizi zinazotangazwa sasa ziko mikononi mwa bodi zile zile.