Bukavu: Gari inakosa nguvu na moshi wake unanuka? Harufu iulizwe mbele ya kununua piesi

Kwenye mupando wa kuelekea Kadutu, shofere wa teksi anatambua haraka kama gari yake ni mugonjwa. Jana ilipanda na vitesi ya pili, abiria wakiwa wanne. Leo inaomba ya kwanza, na abiria wa nyuma wanafunga pua: kunanuka kama mayai yaliyooza.

Kwenye garaji, jibu la kwanza mara nyingi ni kwamba esansi ni mbaya. Anabadilisha esansi, anaoshesha enjekteri, kisha ananunua piesi moja na ingine. Feza inaisha, gari haipandi, na mwenye gari anangoja verisema yake ya kila siku.

Muji wa Bukavu uko karibu metre 1.500 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake. Kwa hiyo gari isilinganishwe na maneno ya kitabu chake, bali na namna ilivyopanda mlima ule ule wiki iliyopita. Kama kuna tofauti, kuna ugonjwa.

Harufu inasema nini?

Harufu ya esansi mbichi, pamoja na moshi mweusi, inaonyesha kwamba mafuta ni mengi kuliko hewa, au kwamba silinda moja haiwaki. Watazame filtri ya hewa, buji, bobini na enjekteri yenye kuvuja.

Harufu tamutamu na moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto: maji ya radiatere yanaingia ndani ya silinda. Gari isimame hapo hapo, na kifuniko cha radiatere kisifunguliwe kingali na moto.

Harufu ya oili iliyoungua na moshi wa bluu: oili inapita kwenye segma, kwenye supapu ao kwenye turbo.

Harufu ya mayai yaliyooza inatoka kwa katalizeri, ile boksi ya chuma iliyo kwenye tiyo ya moshi. Ndani yake kuna kitu kama sega la nyuki, lenye kupakwa platini, paladi na rodi, ili kusafisha gazi mbaya. Esansi iko na salfa kidogo. Mafuta yakiingia mengi kupita kiasi, salfa hiyo inageuka gazi yenye kunuka.

Aliyeumizwa si aliyeanzisha

Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Buji ao bobini ikikufa, esansi isiyowaka inatoka na moshi na kuenda kuwaka ndani ya katalizeri. Joto linaweza kupita digri 1.000, lile sega linayeyuka na kuziba njia. Moteri inavuta hewa lakini haiwezi kuitoa. Inalia vizuri ikisimama, lakini ukikanyaga inakataa.

Mwenye kununua katalizeri mupya bila kutengeneza buji ao bobini ataiunguza pia. Hata mashini ya kusoma makosa inaweza kudanganya mwenye haraka: kode P0420 inasema tu kwamba katalizeri haisafishi vizuri. Ikiandamana na P0300 ao P0301, ugonjwa ulianzia kwenye silinda yenye haiwaki.

Kwa hiyo fundi mwenye subira anaanza na vitu vya bei ndogo: filtri, buji moja moja, bobini. Kisha, gari ikiwa imepoa, anafungua kifaa cha kupima oksijeni kilicho mbele ya katalizeri na kufunga manometri kwenye tundu lile. Moteri ikizunguka polepole, presha isipite karibu bari 0,1; kwenye mizunguko 2.500, isipite karibu 0,2. Ikipita hapo, njia ya moshi imeziba.

Dawa yenye kuleta hatari

Kuko wenye kuchukua chuma na kutoboa katalizeri hadi ibaki boksi tupu. Nguvu inarudi siku ile ile, na shofere anashukuru. Lakini silinda bado haiwaki, esansi inaendelea kupotea, na gazi inatoka bila kusafishwa.

Kati ya gazi hizo kuna monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Inaua. Tiyo ya moshi ikiwa na tundu chini ya viti, inaweza kuingia ndani ya gari, zaidi sana wakati wa mvua, vioo vikiwa vimefungwa. Abiria wakianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kichefuchefu, vioo vifunguliwe, gari izimwe, watu wote washuke. Na mutu asiwashe moteri ndani ya garaji yenye kufungwa.

Shofere naye ana kazi yake mbele ya kufika kwa fundi. Aseme ugonjwa ulianza lini, kama unakuja moteri ikiwa baridi ao moto, moshi ni wa rangi gani, unanuka nini, na esansi ya mwisho ilitoka kwenye stasio ao kwa kadafi wa barabarani. Majibu hayo matano hayaombi hata franka moja, na yanaweza kuokoa bei ya katalizeri nzima.