Je, Wajua? Choroko za Simiyu, Sushi na Kimchi

Migahawa midogo ya Kijapani na Kikorea ipo siku hizi Dar es Salaam na Nairobi. Mtu wa Sapiwi, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, akiwekewa menyu yake mbele anaweza kudhani hana anachokijua humo. Anacho, tena kingi. Soma kabla hujaagiza.

1. Choroko zetu ni chapati yao. Je, wajua kuwa choroko, ambazo wakulima wengi wa Simiyu huzipanda ili wauze, zina heshima kubwa Korea? Hulowekwa, husagwa, kisha rojo lake hukaangwa kwa mafuta mengi mpaka liwe chapati nene yenye ukoko, iitwayo bindaetteok. Soko la Gwangjang jijini Seoul lina sifa ya chapati hizo. Choroko zilizochipua nazo huchemshwa kidogo, zikatiwa chumvi na mafuta ya ufuta, zikaliwa kama mboga.

2. Matobolwa yapo Japani. Viazi vitamu hupikwa kwa mvuke, hukatwa vipande, kisha huanikwa. Huko huitwa hoshiimo, na sehemu kubwa kabisa hutengenezwa katika mkoa wa Ibaraki. Huuzwa kwenye pakiti nadhifu madukani. Bibi wa Kisukuma akionyeshwa pakiti hiyo hatauliza ni kitu gani, atauliza bei.

3. Mafuta ya pamba huvuta tambi. Katika mkoa wa Hyogo hutengenezwa tambi nyembamba sana ziitwazo somen, chapa ya Ibonoito. Zikiwa zinavutwa hupakwa mafuta ya mbegu za pamba ili zisikauke wala kugandana. Katika kisiwa cha Shodoshima kazi hiyo hiyo hufanywa kwa mafuta ya ufuta.

4. Ufuta wanauagiza. Japani hununua nje ya nchi zaidi ya asilimia 99 ya ufuta wake, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazouuza huko. Punje zilizonyunyizwa juu ya wali wako mgahawani huenda zilitoka Afrika, zikakaangwa Asia, zikarudi zikiwa na bei nyingine.

5. Mtama ni wa sherehe. Korea, mtoto akitimiza siku 100, na tena akitimiza mwaka, familia humtengenezea vitufe vya unga wa mtama vilivyovingirishwa kwenye maharage mekundu. Rangi nyekundu huaminiwa kufukuza mabaya.

6. Dagaa ndio supu. Supu nyingi za Kijapani na Kikorea huanza na samaki wadogo waliokaushwa. Hutiwa kwenye maji ya moto, ladha ikitoka huondolewa. Wao hutumia dagaa wa baharini. Wa Lamadi, wilayani Busega, ni wa Ziwa Viktoria, na kwetu huliwa mwenyewe, pamoja na kichwa chake.

7. Ladha ya tano ina umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1908 mkemia Mjapani Kikunae Ikeda alichunguza supu ya mwani akagundua kinachoipa utamu wa mchuzi ulioiva: glutamati. Mwaka uliofuata ilianza kuuzwa kwa jina la Ajinomoto. Ladha hiyo hiyo imo kwenye nyanya zilizoiva vizuri.

8. Nyama ya ng'ombe ilikuwa haramu. Kwa Msukuma mfugaji hili ni gumu kuamini. Mwaka 675 Mfalme Tenmu wa Japani alipiga marufuku kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku katika miezi ya kilimo, na amri za namna hiyo zilirudiwa mara nyingi baadaye. Mambo yalibadilika mwaka 1872, Mfalme Meiji alipokula nyama ya ng'ombe na habari ikatangazwa kwa watu wote.

9. Mkasi ni chombo cha mezani. Mkorea huchoma nyama palepale mnapokaa, huku mnazungumza. Haikatwi kwa kisu; hukatwa kwa mkasi, ikafungwa ndani ya jani la saladi pamoja na kitunguu saumu, ikaingia mdomoni yote kwa mara moja.

10. Kimchi haikuwa nyekundu. Kimchi ni kabichi au figili iliyotiwa chumvi ikaachwa ichachuke. Wekundu wake ni wa pilipili, na pilipili ilitoka bara la Amerika ikafika Asia karne ya 16. Mahindi ya ugali wetu na viazi vya matobolwa asili yake ni huko huko. Mwaka 2013 UNESCO iliuingiza utamaduni wa Kikorea wa kutengeneza kimchi kwa pamoja kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2008 Yi So-yeon, Mkorea wa kwanza kwenda angani, alikwenda na kimchi. Nyumba nyingi za Korea Kusini zina friji ya kimchi peke yake.

11. Sushi huliwa kwa mkono. Usihangaike na vijiti. Sushi ya tonge la wali na kipande cha samaki juu ilipata umaarufu Edo, Tokyo ya leo, katika karne ya 19, ikiuzwa vibandani kwa watu wenye haraka. Kuishika kwa vidole ni adabu kamili. Wali wake ni wa punje fupi zinazonata, uliotiwa siki. Mchele unaochambuka, tunaousifia sisi, hauwezi kazi hiyo.

12. Samaki wa rangi ya chungwa aliletwa na Wanorwei. Zamani Wajapani hawakula samoni mbichi, kwa hofu ya minyoo. Katika miaka ya 1980 Norwei, iliyokuwa na samoni wengi wa kufugwa, iliendesha kampeni ya kuwashawishi. Leo ni vigumu kupata mgahawa wa sushi usio na samoni.

13. Mwani uliokolewa na Mwingereza. Karatasi nyeusi inayozungushiwa sushi ni mwani uitwao nori. Wakulima wake hawakujua mbegu zake hukaa wapi wakati wa joto, mpaka mwanasayansi Kathleen Drew-Baker alipotangaza mwaka 1949 kwamba hukua ndani ya magamba ya chaza na kombe. Hakuwahi kufika Japani, lakini wamemjengea mnara wa kumbukumbu huko Uto. Mwani wa Zanzibar ni wa jamii nyingine. Hutumika zaidi kutoa kiini cha kugandisha vyakula na vipodozi.

14. Wasabi uliyoonja huenda si wasabi. Mmea wenyewe ni ghali na mgumu kuupanda. Migahawa mingi duniani hutumia mchanganyiko wa mzizi mwingine mkali, haradali na rangi ya kijani. Ukali wake hupanda puani, kwa hiyo anza na kidogo.

15. Adabu za majirani hawa hazifanani. Japani, kuinua bakuli la wali mkononi ni heshima. Korea, bakuli hubaki mezani. Vijiti vya Wakorea ni vya chuma, vya Wajapani kwa kawaida ni vya mti. Kote kuwili usichomeke vijiti wima kwenye wali, maana hivyo hufanywa kwa ajili ya marehemu. Korea, mkubwa hushika kijiko kwanza, na kitu hupokelewa kwa mikono miwili. Hilo mtoto aliyelelewa Usukumani hahitaji kufundishwa.

16. Muislamu aulize. Mirin, kiungo kitamu cha sosi nyingi za Kijapani, ni aina ya pombe ya mchele. Nguruwe naye hupendwa sana kwenye supu za tambi. Mhudumu mzuri hatachukia swali.

Ukikaribishwa kwenye mgahawa wa namna hii kwa mara ya kwanza, agiza chapati ya choroko kama ipo, nyama ya kuchoma na wali. Samaki mbichi hana haraka. Hata sushi ipo ya tango na ya yai. Nawe mkulima wa Sapiwi, dalali akikuambia choroko hazina walaji, mwambie wapo mpaka Seoul.