Tambi Zilizovunja Rekodi, na Unazoweza Kuzipika Nyumbani

Tambi ndefu kuliko zote ilitengenezwa kwa mkono huko Nanyang, mkoa wa Henan, China, Oktoba 2017: uzi mmoja usiokatika, mita 3,084. Unga wa ngano kilo 40, maji, chumvi, basi. Anayesukuma chapati kila asubuhi ana viungo vyote. Anachokosa ni ukumbi na wasaidizi.

Kongwe zaidi zilikutwa Lajia, mkoa wa Qinghai, chini ya bakuli la udongo lililopinduka. Zina miaka 4,000 hivi. Watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2005 walisema ni za nafaka jamii ya mawele. Wenzao wakabisha, na mimi naelemea kwao: mawele hayana gluteni, na donge lisilo na gluteni ukilivuta linakatika.

Kwa wembamba, sioni za kuzishinda su filindeu za Nuoro, kisiwani Sardinia. Donge huvutwa na kukunjwa mara 8 hadi zitoke nyuzi 256, zikatandazwa tabaka tatu, zikakaushwa, kisha zikavunjwa ndani ya supu ya kondoo. Hizi waachie wenyewe.

Za haraka ni za Mjapani Momofuku Ando, aliyezitoa mwaka 1958. Siri yake ni mafuta: tambi iliyoiva ikikaangwa hutoa maji na kubaki na vitundu, ndiyo maana hunywa maji ya moto kwa dakika chache. Pwani yetu nayo hukaanga kwanza. Tambi za sukari hugeuzwa kwenye mafuta hadi ziwe za kahawia, ndipo tui, sukari, iliki na zabibu vifuate. Kwa utamu, ushindi nazipa hizo, na sitaki rufaa.

Ila ukitaka kujaribu kitu kipya wiki hii, chukua zilizo pana: biangbiang za mkoa wa Shaanxi, pana kama mkanda wa suruali. Kanda gramu 300 za unga wa ngano na mililita 150 za maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Gawa madonge sita, yapake mafuta, yafunike saa nzima. Ukiharakisha hapo, yatakurudi kama mpira. Sukuma kila donge liwe bapa, likandamize katikati kwa kifimbo cha chapati, shika ncha mbili, vuta huku ukilipigapiga mezani. Pasua kwenye ule mfuo, upate kitanzi kirefu. Chemsha dakika mbili, tatu. Weka bakulini na sosi ya soya na siki kidogo. Juu yake kitunguu saumu kilichosagwa, pilipili ya unga na majani ya kitunguu, kisha mwagia mafuta yaliyopata moto sawasawa. Yatachachatika. Changanya ule hapo hapo, maana zikipoa zinagandana.