Fahamu: Kwa nini RAM imepanda bei, na mnunuzi aangalie nini

Karibu RAM zote duniani hutokana na chipu za kampuni tatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Sasa kampuni hizo zimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba, vinavyonunua kwa wingi na kulipa vizuri. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD kwa wanunuzi wa kawaida, jina ambalo mafundi walilizoea kwa karibu miaka 30.

Anayeumia ni mnunuzi wa kawaida.

Kabla ya kulipia kompyuta mpakato, aulize kama RAM yake hutoka. Ikiwa imechomelewa kwenye ubao mama, GB 8 za leo ndizo atakazobaki nazo. Ikiwa kuna nafasi tupu, ataongeza bei zikishuka. Aangalie na aina: DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5, kwani kile kijipengo cha ukingoni kimesogezwa.

Na mwenye mashine ya zamani inayosuasua asikimbilie mpya. Mara nyingi kinachoikwamisha ni diski ya kuzunguka. Aibadilishe kwa SSD; hizo nazo zimepanda bei, lakini ya GB 256 inatosha kabisa kwa kazi za ofisini.