Askari wa bure: somo la chesi kwa mama na binti



Chesi, ile ambayo shuleni huitwa échecs, wengi wetu tunaiona ni mchezo wa wanaume wenye muda. Hebu tutazame pamoja mchezo mmoja unaowaangusha sana wanaoanza mashindano.

Mweupe anasukuma askari aliye mbele ya malkia hatua mbili. Mweusi anajibu vilevile. Mweupe anasogeza askari wa pili, jirani wa yule wa kwanza, na kumwacha wazi. Ni kama anasema: chukua, ni bure. Hiyo ndiyo gambi ya malkia. Jina limetoka Italia, kwenye neno la kumtega mtu mguu.

Mweusi akila, bado hajakosea. Hatari ni kung'ang'ania. Anamleta askari mwingine amlinde yule aliyekula. Mweupe anamshambulia mlinzi huyo. Mweusi analeta mlinzi wa mlinzi. Wanakulana. Katika hatua ya sita malkia mweupe anatoka, anautazama mnara wa mweusi ulio pembeni, na njia ni wazi. Ili kuuokoa, mweusi atatoa farasi au askofu. Askari mmoja wa bure amekuwa deni kubwa. Mwitaliano Greco aliuandika mtego huu miaka 400 hivi iliyopita, na mpaka leo unanasa watu.

Dawa yake ni fupi: ukipewa askari, kubali kumrudisha, utoe farasi na maaskofu wako nje wafanye kazi. Sisi wa likelemba tunajua: anayetoa leo hajapoteza, na anayepokea leo ana deni.

Jirani zetu wa Uganda wana Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala. Mama yake alikuwa mjane anayeuza sokoni. Phiona alifika kwenye chesi akifuata kikombe cha uji. Mwaka 2012, huko Istanbul, alipata daraja la kimataifa la wanawake, na mwaka 2016 maisha yake yakatolewa filamu.

Ubao unaweza kuchorwa kwenye karato, askari wakawa vifuniko vya chupa. Mama, mkalishe binti mezani, na umuulize kila anapopewa kitu: huyu anayenipa anataka nini?