Kabila, depite wa jimbo aliyekaa kwenye dhahabu ya Fizi

Kila wakati wa kampeni, barabara ya kutoka Baraka kwenda Lulimba na Misisi inajaa picha za watu wanaotafuta kura. Wanapita kwenye mashimo, wanashikana mikono na wachimbaji wenye udongo mpaka kwenye masikio, wanaahidi barabara, maji, na karte ya mchimbaji kwa bei ndogo. Nyuma ya kura, wengi hatuwaonake tena. Njo maana watu wa machimbo wanatuulizaka: depite wa jimbo anafanyaka kazi gani hasa?

Tungeweza kujibu kwa vifungu vya sheria, lakini tumeona heri tukumbushe kwanza habari ya depite mmoja wa jimbo ambaye milima yetu ilimuficha karibu miaka makumi mawili, hata kama hakuna mtu wa Fizi aliyemupigia kura. Jina lake Laurent-Désiré Kabila.

Vijana wanamujua kama Mzee, yule aliyeingia Kinshasa mwezi wa tano 1997. Kumbe siasa yake ilianzia mbali, kwenye baraza la jimbo. Alizaliwa mwaka 1939, baba yake Muluba wa kaskazini ya Katanga. Wakati Moïse Tshombe alikata Katanga kutoka Kongo, mwezi wa saba 1960, kijana huyu alikuwa upande wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, ambacho kilikataa kabisa mambo ya Tshombe. Kaskazini ikapata jimbo lake lenyewe, makao yake Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, pale tunaposhukaka kwa boti. Kabila aliingia katika baraza la jimbo hilo, tena akawa mukubwa wa ofisi ya waziri wa habari wa jimbo, Ferdinand Tumba. Hakuwa hata na miaka 25.

Hakukaa sana kwenye kile kiti. Mwezi wa tisa 1963 Rais Kasa-Vubu alifunga bunge la taifa, na wafuasi wa Lumumba wakakimbilia Brazzaville kupanga vita. Mwanzo wa 1964 Gaston Soumialot alitumwa huku mashariki, na Kabila pamoja naye, kupitia Burundi. Mwezi wa tano Uvira ikaanguka, na Fizi ikawa mikononi mwa waasi. Bazee wanakumbuka zaidi namna ilivyoisha: askari wa kukodishwa wa Mike Hoare walitua Baraka kwa njia ya ziwa mwisho wa mwezi wa tisa 1965. Che Guevara alikuwa huku mwaka ule, na Wacuba zaidi ya mia moja. Alivuka kutoka Kigoma mwezi wa ine, akamungojea Kabila miezi mizima pale Kibamba. Kabila alifika mwezi wa saba, akakaa siku tano, akarudi ng'ambo. Che mwenyewe aliandika kwamba habari yake ya Kongo ni habari ya kushindwa. Kwa hiyo, mukubwa asiyeonekana kwenye uwanja si jambo la kuanza leo!

Wacuba walienda mwezi wa kumi na moja 1965, lakini Kabila alirudi. Tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili 1967 chama chake, PRP, kilizaliwa katika milima ya Fizi. Makao waliyaita Hewa Bora. Hapa mchimbaji asome polepole. Kule juu kulikuwa na serikali ndogo: mashamba ya pamoja, masomo, askari, na kodi. Na kilichoilisha ni dhahabu. Watu waliiosha mitoni, chama kikaivusha ziwa kwenda Tanzania, ikarudi vitu na silaha. Hata wakubwa wa jeshi la Mobutu waliotumwa kukifunga chama walikuwa wanafanya naye biashara chini chini. Kabila akawa na maisha Dar es Salaam, mwenye kuosha dhahabu akabaki na karai yake. Yule aliyetoza kodi na yule aliyeuza walikuwa chama kimoja, na chama kilikuwa na bunduki. Katika hali hiyo nani atabishana juu ya mizani?

Tusisahau kwamba wakati ule kuchimba dhahabu bila kampuni kulikuwa kosa katika Zaire nzima. Ni sheria ya mwezi wa kumi na moja 1982 iliyofungulia mtu wa kawaida mlango wa kuchimba na kuuza. Mbele ya hapo kila tola iliyotoka Fizi ilikuwa ya magendo, ya maquis au si ya maquis.

Mwezi wa tano 1975 watu wa PRP walivuka mpaka Gombe, wakateka wanafunzi wane wazungu waliokuwa wanachunguza sokwe. Waliachiliwa baadaye, nyuma ya makuta kulipwa. Miaka 1984 na 1985 walipiga Moba. Kisha maquis ikanyauka. Kabila akapotea, wengi wakafikiri amekufa.

Alirudi 1996 na AFDL, na wengine wa maquis ya Fizi wakapanda naye. Sylvestre Lwetcha alifika kuwa mukubwa wa majeshi. Lakini huyu aliyekuwa depite akatawala miaka mitatu bila bunge lolote. Mwaka 2000 ndiyo aliweka bunge la mpito, watu 300, makao yake Lubumbashi. Wananchi hawakupiga kura: walioingia waliteuliwa. Aliuawa mwezi wa kwanza 2001.

Juu ya dhahabu ya Kivu ya Kusini, alifanya jambo moja ambalo wachimbaji wengi walilipigia makofi. Mwaka 1998 alinyanganya kampuni ya Banro haki zake, pamoja na Kamituga na Namoya, akaunda kampuni ya serikali, SOMICO. Nyuma ya kifo chake, serikali ya mwana wake Joseph, ambaye rasmi alizaliwa kule kule Hewa Bora mwaka 1971, ikapatana na Banro na kuirudishia. Kuchukua kwa amri na kurudisha kwa mapatano: hakuna baraza lililoulizwa, na mchimbaji hata kidogo.

Sasa turudi kwa depite wa leo. Katiba ya 2006 inamupa kazi tatu kubwa: kupiga kura ya sheria na bajeti ya jimbo, kuita waziri wa jimbo ajibu maulizo, na kuchagua gavana na maseneta. Ile ya mwisho njo inayopewaka bei kubwa kule Bukavu, tunasema wazi. Kodi ya madini ambayo makampuni yanalipa, sheria ya 2018 inaigawanya hivi: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji au sekta ambako madini yanatoka, 10 akiba ya vizazi vinavyokuja. Lakini mashimo ya mkono hayamo katika hesabu hiyo. Yanatozwa taksi zingine, na nyingi kati yazo zinatoka kwa jimbo, maana yake zinapita mikononi mwa depite wako.

Bajeti inazungumzwaka katika kikao kinachofunguliwa mwezi wa tisa. Akikuja tena mwenye picha, kule Misisi ao Lulimba, mumuulize tu: katika kile kikao ulisimama siku gani, ulimuita waziri gani, na alikujibu nini juu ya taksi za shimo letu? Atakayejibu, mutuletee jibu lake, tutalichapisha hapa na jina lake.